Mtu Aliyegeuzwa Kitenzi

Charles Cunningham Boycott aliitwa kapteni, lakini hakuwa kapteni. Alizaliwa mwaka 1832 katika kijiji cha Burgh St Peter, Norfolk, mashariki mwa Uingereza, mtoto wa mchungaji. Akiwa na miaka 17 alinunuliwa cheo cha uofisa wa ngazi ya chini, maana zama hizo vyeo vya jeshi la Uingereza vilikuwa na bei yake, na baada ya miaka michache akakiuza na kuachana na jeshi. Ukapteni alipachikwa na majirani, akaupokea. Hata jina la ukoo halikuwa limetulia: wazee wake waliandika Boycatt, na yeye alikuwa bado mtoto tahajia ilipobadilishwa. Wangeliacha lilivyokuwa, kamusi za Kiingereza leo zingekuwa na kitenzi chenye sura nyingine.

Majina ya watu yaliyogeuka maneno ni mengi. Kwa kawaida mwenye jina huwa amebuni au amegundua kitu. Louis Pasteur ameacha jina lake kwenye kazi ya kupasha maziwa moto ili kuua vijidudu, na alistahili, kwa kuwa njia ile ilikuwa yake. Boycott hakubuni chochote. Kitenzi kilichobeba jina lake kinaeleza jambo alilotendewa. Waliomtendea walikuwa wakulima maskini wa magharibi mwa Ireland, na majina yao hayamo katika kamusi yoyote.

Jeshi ndilo lililompeleka Ireland. Alioa huko, akaishi takriban miaka 20 katika kisiwa cha Achill, kisha mwaka 1873 akahamia kwenye nyumba ya Lough Mask, kando ya ziwa la jina hilo, si mbali na mji mdogo wa Ballinrobe katika jimbo la Mayo. Hapo alikuwa na kazi mbili. Alilima shamba la kukodi la ekari zaidi ya 600, na papo hapo alikuwa wakala wa Lodi Erne, akimsimamia ekari zipatazo 1,500 na kumkusanyia kodi kutoka kwa wapangaji kama 35. Lodi mwenyewe aliishi mbali, katika kasri lake la Crom huko Fermanagh, na ardhi yake yote nchini Ireland ilizidi ekari 40,000. Watu wa Lough Mask walimsikia tu. Sura waliyoijua ilikuwa ya Boycott.

Na hawakuipenda. Alikuwa mtu wa amri ndogondogo: geti likiachwa wazi, faini, kuku wa jirani akivuka mpaka, faini. Wapangaji waliozoea kuokota kuni katika msitu wa lodi walikatazwa. Mambo kama haya, ukiyaorodhesha mbele ya hakimu, yanaonekana ya kitoto. Kwa mtu anayepikia kuni na kufuga kuku watano, ndiyo maisha yenyewe.

Nyuma ya chuki hiyo kulikuwa na kisa kirefu zaidi. Mkulima wa Ireland alijenga nyumba yake mwenyewe kwenye ardhi ya mwingine, akaondoa mawe, akachimba mitaro, na shamba likishanawiri kodi ilipanda. Akishindwa kulipa, anatolewa nje, na mara nyingi bila fidia ya jasho lake. Ugonjwa wa viazi ulipoleta njaa kuu ya 1845 hadi 1849, watu karibu milioni moja walikufa na wengine kama hao wakapanda meli kwenda ughaibuni. Waliobaki walikuwa na kumbukumbu hiyo kichwani mavuno yalipoharibika tena kati ya 1877 na 1879.

Michael Davitt alizaliwa Mayo katikati ya njaa ile. Familia yake ilifukuzwa nyumbani akiwa mtoto mdogo, ikahamia kaskazini mwa Uingereza, na huko, akiwa na miaka 11, mashine ya kiwanda cha pamba ikamng'oa mkono wa kulia. Mwaka 1879 alirudi kuwapanga wakulima, na mwezi Oktoba Umoja wa Ardhi wa Ireland ukaundwa mjini Dublin, rais wake akiwa Charles Stewart Parnell, mbunge na mwenye ardhi yeye mwenyewe. Walidai kodi ya haki, usalama wa kukaa shambani mradi kodi inalipwa, na uhuru wa mpangaji kuuza haki yake ya upangaji.

Tarehe 19 Septemba 1880, Parnell alihutubia mkutano wa hadhara mjini Ennis. Aliuliza umati: mtu akichukua shamba ambalo jirani yake amefukuzwa, afanywe nini? Sauti zikajibu kwamba apigwe risasi. Parnell akasema ipo njia bora zaidi na ya Kikristo zaidi. Mkikutana naye njiani, msimwone. Msimjue dukani, gulioni, sokoni, hata kanisani. Mumwache peke yake kama mkoma wa zamani. Aliyemlenga alikuwa mkulima mwenzao anayenyakua shamba la aliyefukuzwa, na Boycott hakutajwa. Siku tatu baadaye silaha hiyo ilimwangukia wakala wa Lodi Erne.

Mwaka huo lodi alikuwa tayari kupunguza kodi kwa asilimia 10. Wapangaji walitaka asilimia 25. Lodi akakataa, na Boycott akaenda mahakamani kupata hati za kuwafukuza wapangaji 11. Tarehe 22 Septemba tarishi wa mahakama, David Sears, alitoka kuzigawa akisindikizwa na polisi 17. Kwa sheria hati ilipaswa kumfikia mwenye nyumba au mkewe. Nyumba tatu za kwanza zilipita. Ya nne ilikuwa ya Bi Fitzmorris. Mama huyo aliikataa hati na kuanza kupunga kitambaa chekundu kuwaita wenzake. Wanawake wakaja kutoka kila upande, wakamrushia tarishi na polisi mawe, matope na samadi, mpaka wakakimbilia nyumbani kwa Boycott. Kesho yake walijaribu tena, wakashindwa tena.

Kisha kundi kubwa la watu kutoka Ballinrobe likaenda Lough Mask na kuwataka wafanyakazi waondoke. Vibarua wa shamba wakaacha kazi. Wahudumu wa ndani wakaondoka. Mhunzi hakupiga tena viatu vya farasi wake, na dobi hakufua tena nguo zake. Maduka ya Ballinrobe yaligoma kumuuzia hata mkate, ikabidi chakula kitoke Cong kwa mashua. Kijana aliyekuwa akileta barua alitishwa akaacha. Mpwa wa Boycott alipojitolea kuzifuata mwenyewe, alisimamishwa njiani na kuambiwa kwamba maisha yake yako hatarini.

Ni vizuri kusema wazi hapa, kwa sababu kisa hiki hupenda kusimuliwa kana kwamba kijiji kizima kiliamka asubuhi na moyo mmoja. Wapo walioondoka kwa hiari na furaha. Wapo pia walioondoka kwa sababu waliogopa kubaki. Silaha ya kumtenga mtu haina risasi, lakini anayetaka kubaki nje ya mpango hutengwa naye, na wanakijiji wote walilijua hilo. Kwa watu wanaoishi kwa kufa na kuzikana, hakuna adhabu kubwa kuliko kuambiwa kwamba siku ya msiba wako hatakuja mtu.

Mavuno yalikuwa shambani: viazi, nafaka, na tanipu za mifugo. Katikati ya Oktoba Boycott aliandika barua kwa gazeti la The Times la London akieleza masaibu yake, nayo ikachapishwa tarehe 18. Barua ile ndiyo iliyomfanya maarufu. Waandishi wa habari wakafunga safari kwenda Mayo, na watu waliokuwa upande wa wenye ardhi wakaanza kuchanga fedha ili kumwokoa. Mpango ulikuwa kupeleka jeshi la wavunaji kutoka Ulster, Waprotestanti wenye msimamo mkali. Serikali iliona damu inakuja. Waziri wa Ireland, W. E. Forster, akaruhusu watu 50 tu, nusu kutoka Cavan na nusu kutoka Monaghan.

Walishuka kwenye treni Claremorris tarehe 11 Novemba. Hakukuwa na mtu aliyekubali kuwakodisha usafiri, hivyo wakatembea kwa miguu hadi Ballinrobe, kilomita zaidi ya 20, mvua ikiwanyeshea. Wavunaji 50 walilindwa na askari na polisi karibu 1,000. Walilala kwenye mahema, wakachimba viazi kwenye tope huku askari wa farasi wakilinda doria, na Boycott akalazimika kuwatazama walinzi wake wakiharibu bustani yake na kuchoma miti yake kwa ajili ya moto wa kuota. Mavuno yote yalikadiriwa kuwa na thamani ya paundi 500 hivi. Gharama ya kuyavuna ilikadiriwa kufika paundi 10,000. Parnell alicheka kwamba kila tanipu iliyong'olewa iliigharimu serikali shilingi moja. Katika wiki mbili hizo hakukutokea mapigano yoyote. Wenyeji walikaa kimya na kuangalia hesabu ikipanda.

Tarehe 27 Novemba wavunaji waliondoka, na Boycott na mkewe wakaondoka pia. Hata siku hiyo hakupatikana dereva wa kuwapeleka stesheni, wakapandishwa kwenye gari la jeshi la kubebea wagonjwa. Dublin walifikia hoteli. Mwenye hoteli akapokea barua ya onyo: akiendelea kuwapa chumba, na yeye yatamfika yaliyomfika mgeni wake. Tarehe 1 Desemba Boycott alipanda meli kwenda Uingereza.

Kitenzi kilikuwa kimekwisha kuzaliwa kabla hajaondoka. Simulizi inayokubalika zaidi inatoka kwa James Redpath, mwandishi wa Kimarekani aliyekuwa Mayo vuli ile, na Davitt aliirudia baadaye katika kitabu chake. Redpath alikuwa mezani kwa Padri John O'Malley, paroko wa The Neale na kiongozi wa Umoja wa Ardhi pale, lakini chakula kilikuwa hakimpandi. Padri akamuuliza ana nini. Akajibu kwamba anatafuta neno. Kiingereza kilikuwa nalo moja la Kigiriki, ostracise, kutoka desturi ya Athene ya kale ambako raia waliandika jina la mtu kwenye kigae na kumfukuza mjini kwa miaka 10, lakini wakulima wa Mayo wasingelielewa. O'Malley akainamisha macho, akagonga-gonga paji la uso wake mkubwa, kisha akauliza: itakuwaje tukisema "kum-Boycott"?

Redpath alilipeleka Marekani katika makala zake, na O'Malley akalipeleka kwa waumini wake. Tarehe 20 Novemba 1880, Boycott akiwa bado Lough Mask, The Times iliripoti kwamba watu wa New Pallas, jimbo la Limerick, wameamua kuwafanyia wengine vivyo hivyo kwa kuwanyima chakula na vinywaji. Mwezi uliofuata neno lilikuwa la kawaida magazetini, ingawa bado likiandikwa kwa herufi kubwa. Herufi kubwa ikadondoka, na mtu akabaki bila miliki ya jina lake. Kifaransa kikalichukua, na Kijerumani, Kiholanzi, Kihispania, Kirusi, hata Kijapani. Sisi hatukulihitaji. Kiswahili kilikuwa na kususa, kile anachofanya mtoto aliyeudhika akakiacha chakula mezani, na kutoka hapo kususia ikabeba mzigo wote wa siasa.

Matumizi ya neno la Kiingereza yalibadilika haraka kuliko watu wanavyodhani. Mwanzoni lilichukua mtu: wakala fulani, mpangaji fulani, mwenye duka fulani. Baadaye likachukua bidhaa, kisha vikao, mabasi, uchaguzi, michezo. Mpaka wake na mgomo haukupotea: anayegoma anazuia kazi yake, na anayesusia anazuia fedha yake, kura yake au uwepo wake. Pale Lough Mask yote mawili yalifanyika kwa pamoja, ndiyo maana Boycott hakuwa na pa kushika. Na mpaka wake na vikwazo ni kwamba vikwazo hutangazwa na serikali, ilhali kususia huanzia chini. Chama cha CUF kiliposusia uchaguzi wa marudio wa Zanzibar mwezi Machi 2016, na upinzani wa Kenya ule wa tarehe 26 Oktoba 2017, neno lilikuwa limesafiri mbali sana na viazi vya Mayo, lakini hesabu ilikuwa ile ile: je, yule unayemnyima anakuhitaji kiasi gani?

Jambo lenyewe ni la kale kuliko jina. Mwaka 1791, baada ya Bunge la Uingereza kukataa kupiga marufuku biashara ya watumwa, maelfu ya familia waliacha kutia sukari kwenye chai kwa sababu ililimwa na watumwa wa Karibiani. Hawakuwa na neno moja la kuita walichokifanya. Baada ya 1880 neno lilipatikana, na nadhani hilo ndilo lililobadilisha mambo: likishakuwa na jina, tendo huweza kuamriwa kwa simu ya maneno manne na kueleweka nchi nzima.

Sheria ilijaribu kulipiga. Mwaka 1881 serikali ilijipa uwezo wa kuwafunga watu bila kuwashtaki, Parnell mwenyewe akaingizwa gereza la Kilmainham na Umoja wa Ardhi ukapigwa marufuku. Mwaka huo huo, hata hivyo, Waziri Mkuu Gladstone alipitisha sheria ya ardhi iliyokubali yale madai matatu. Mwaka 1888 Roma nayo ilitoa tamko la kulaani mbinu hiyo, na maaskofu wengi wa Ireland wakapata kazi ngumu ya kuwaeleza waumini wasiotaka kusikia. Boycott alirudi Lough Mask mwaka 1881, akakuta hasira zinapoa. Alipokwenda Marekani kutembea, alisafiri kwa jina la Charles Cunningham, jambo ambalo halikumsaidia mbele ya waandishi wa New York. Aliomba fidia serikalini akanyimwa. Mwaka 1886 alipata kazi ya kusimamia mashamba Flixton, Suffolk, na huko akafariki mwezi Juni 1897. Likizo zake aliendelea kuzitumia Ireland.

Kwetu silaha hii ilifika kupitia karafuu. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Zanzibar ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu madaraka makubwa juu ya ununuzi na usafirishaji wa zao hilo, na wafanyabiashara wa Kihindi visiwani wakaona wanafungiwa riziki. Chama cha Congress huko India kikawataka watu wake wasinunue karafuu ya Zanzibar. India ilikuwa mmoja wa wateja wakubwa. Mwaka 1938 serikali ilikaa mezani na makubaliano yakapatikana. Mwaka 1959 Augustine Kamya na Uganda National Movement walitangaza kususia maduka ya wasio Waafrika katika Buganda, na miezi michache baadaye serikali ikakipiga marufuku chama hicho. Kule pia, kama Mayo, mstari kati ya kushawishi na kutisha ulivukwa mara nyingi.

Tarehe 26 Juni mwaka huo huo wa 1959, katika ukumbi wa Holborn mjini London, Julius Nyerere alisimama na Padri Trevor Huddleston kuzindua kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Nyerere aliwaambia Waingereza kwamba hawaombi jambo kubwa: waache tu kuuunga mkono ubaguzi kwa fedha zao za sokoni. Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya Sharpeville, kampeni hiyo ikageuka harakati kubwa ya kupinga ubaguzi wa rangi, na Huddleston akaja kuwa Askofu wa Masasi. Mwaka 1984 mfanyakazi kijana wa duka moja mjini Dublin alikataa kupokea malipo ya matunda ya Afrika Kusini, wenzake wakamfuata, na mgomo wao ukaendelea mpaka serikali ya Ireland ilipopiga marufuku matunda na mboga za Afrika Kusini mwaka 1987.

Gharama, lakini, haimwangukii anayelengwa peke yake. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Nyuma yake John Walker wa New Zealand naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Dunia ikasubiri wakutane tena Montreal mwaka 1976. Mwaka huo timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, wiki chache baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, na nchi zaidi ya 20, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zikasusia Olimpiki kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki. Walker alishinda dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, taratibu kuliko alivyokimbia Christchurch aliposhindwa.

Mwaka 1980 Tanzania ilikwenda kwenye Olimpiki ya Moscow. Bayi alirudi na medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji, mita 3,000, na Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5,000. Kenya haikuwapo, safari hii ikisusia kupinga uvamizi wa Wasovieti nchini Afghanistan, kama haikuwapo Montreal. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, hakukimbia Olimpiki hata moja.